Alikata Mara Nne

"Dada, usipokee! Tafadhali, usipokee!"

Foleni nzima ya pasipoti pale Ressano Garcia iligeuka. Wanawake wafanyabiashara wanaokwenda kununua Johannesburg na kurudi kuuza Maputo walikumbatia pochi zao, maana mtu akipiga kelele mpakani, kuna mwizi. Lakini kijana yule hakuwa akimfukuza mtu. Alikuwa mrefu, shati la miraba, bisibisi ndogo imechomekwa mfukoni kama kalamu, na simu mbili zinaning'inia shingoni kwa kamba moja. Kidole chake kilimwelekea Felismina Mabjaia.

Felismina alikuwa na simu mkononi, inaita. Siku hiyo alivaa blauzi ya njano na kapulana, kitenge cha kwao, yenye tausi wekundu, nywele amezisuka mistari myembamba iliyokutana kisogoni. Jua lilimpiga usoni na bado alikuwa anapendeza.

"Nisipokee kwa nini? Huyu ni shangazi yangu. Wewe unamjua?"

"Simjui. Ila simu yako imevuka mpaka kabla yako. Tazama hapo juu pameandikwa nini."

Felismina akatazama. Jina la mtandao wa nyumbani halikuwepo. Limekaa jina la mtandao wa Afrika Kusini, na yeye miguu yake bado imo Msumbiji, kwenye vumbi la foleni.

"Ukipokea hapa, shangazi analipa na wewe unalipa," kijana akasema. "Watu wawili mnalipia salamu moja. Wiki iliyopita mama mmoja alisimama palepale ulipo, anamfundisha bintiye kupika wali. Wali haujachemka, salio limekwisha."

Simu ikanyamaza yenyewe.

"Umeniponza," Felismina akasema. "Shangazi Hortensia ukimnyamazia mara moja anakununia wiki nzima."

"Utamletea sabuni ya kunukia atacheka. Lete hiyo simu."

Hata leo Felismina hajui kwa nini alimpa. Kijana akatoa kifuniko kwa ukucha, akachomoa laini ya Maputo, akaifunga kwenye kipande cha karatasi, akamwonyesha namna ya kuweka laini ya Johannesburg atakayoinunua akishuka kwenye basi. Akamwambia asinunue kwa wanaozunguka stendi na laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Akamwambia pia saa nafuu za kupiga nyumbani: alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili.

"Unajua mambo mengi ya kuokoa," Felismina akasema. "Kwa ushauri huu unatoza nini?"

"Namba yako tu."

"Ipi? Ya huku au ya kule?"

"Zote mbili. Nitakubipu kote."

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yao na mfuko wa vitunguu akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwanamume anaomba namba ili abipu! Binti, kimbia ungali na miguu."

Felismina hakukimbia. Na mimi nasema, wanangu, angalau angepunguza mwendo.

Kijana aliitwa Zefanias Cossa. Alitengeneza simu kwenye meza ya barabarani, katikati ya Johannesburg, na alirudi Maputo kila baada ya miezi mitatu. Akiwa Maputo hakuwa bahili hata kidogo. Alimpeleka Felismina ufukweni Costa do Sol, akamlisha kamba wa kuchoma mpaka vidole vikanuka kitunguu saumu siku mbili. Alimnunulia viatu vya kamba za dhahabu. Alimbebea mizigo ya shangazi Hortensia sokoni bila kuombwa. Lakini akishavuka mpaka, mtu huyu aligeuka. Kule kila sarafu aliiwekea akiba ya lobolo, mahari ya kwao, na simu ndiyo aliyoibana kuliko vyote, kwa kuwa simu alizijua ndani na nje.

Akampa Felismina kanuni. Zile simu mbili za shingoni, moja ilikuwa na laini ya Johannesburg, ya kupigia alfajiri. Nyingine ilikuwa na laini ya Maputo, na hiyo haikupokelewa kamwe, kwa sababu kupokea nje ya nchi kunalipiwa. Ilikuwa ya kubipiwa tu. Felismina akimkumbuka, anapiga. Zefanias anaona jina, anakata. Kukata kwake ndiko kulikuwa kumjibu. Nimekuona, mpenzi, nami nakuwaza, na hatukulipa hata senti.

Mwanzoni ilikuwa tamu. Felismina alikuwa akipanga nguo kwenye kibanda chake, anabipu, anakatwa, anatabasamu peke yake kama kichaa. Na alfajiri:

"Umelala?"

"Ningekuwa nimelala, ungekuwa unaongea na nani?"

"Sauti yako ya asubuhi nzito kama uji wa mtama."

"Na wewe yako kama mlango usiotiwa mafuta. Niambie kitu, Zefa."

"Nakupenda."

"Hicho nakijua. Niambie jana ulikula nini."

"Mpenzi, zimebaki dakika mbili."

"Kila siku zinabaki dakika mbili! Kuna siku utaniambia zimebaki saa mbili?"

"Siku ukiwa mke wangu. Siku hiyo hatutahitaji simu."

"Basi niambie hata mvua kama—"

"Saa kumi na mbili hiyo! Kwaheri, ua langu!"

Na hapo ananyamaza. Felismina anabaki na simu sikioni, inatoa joto kidogo, hakuna mtu ndani yake. Miezi ikapita hivyo. Alijua kwamba Zefanias aliugua tumbo akiwa ameshapona. Alijua kwamba meza yake ilihamishiwa mtaa mwingine wiki tatu baada ya kuhama. Hakulalamika. Alijiambia, anaokoa kwa ajili yetu.

Kweli alikuwa anaokoa kwa ajili yao. Mwaka ulipokwisha alimtuma kaka yake mkubwa, Naftal, na barua ya kuomba, kama desturi inavyotaka. Watu wa kina Felismina wakajibu kwa barua pia, wakaandika mwishoni namba ya simu ya mkuu wa familia, Mjomba Fabião wa Chibuto. Zefanias aliikunja barua hiyo akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa begi, pamoja na pasipoti.

Halafu ikaja Ijumaa ile.

Mjomba Fabião alifika Maputo bila taarifa, kofia ya ukindu kichwani, kuku wawili mkononi. Alikuwa na neno la haraka. Desemba waliyoandikiana isingefaa, angekuwa na kazi ya ng'ombe zake. Alitaka watu wa kijana waje mapema. Saa kumi na moja jioni akaketi sebuleni kwa Hortensia, shangazi wengine wawili wamekaa mkekani, akasema:

"Mpigie huyo kijana. Siku ya kuja kwake nataka nipange naye mwenyewe, nisikie na sauti yake. Mwanangu simwozi kwa karatasi."

Felismina akaishika simu yake. "Mjomba, yuko kazini saa hizi. Labda tumbipu, alfajiri atapiga."

"Tumbipu?" Mjomba akavua kofia. "Mimi, Fabião, nimbipu mtu anayetaka kunichukulia mtoto?"

"Si hivyo, mjomba..."

"Piga."

Felismina akapiga, akampa mjomba simu. Ikaita mara mbili. Ikakatwa.

Kule Johannesburg Zefanias alikuwa ameinamia simu ya mteja, bisibisi mdomoni. Aliona jina "Feli" linawaka kifuani kwake, akatabasamu, akabonyeza kitufe chekundu.

"Labda mtandao," shangazi Hortensia akasema. "Rudia."

Ikaita. Ikakatwa.

"Leo ana hamu huyu," Zefanias akamwambia mwenzake wa meza ya pili. "Mara mbili mfululizo!"

Ikaita ya tatu. Ikakatwa. Mjomba Fabião alibonyeza mwenyewe ya nne, kwa kidole gumba kigumu cha mshika jembe, akaiweka sikioni, akafumba macho ili asikie vizuri. Ikaita mara moja tu.

Zefanias alikuwa anacheka kwa furaha alipoikata ile ya nne.

Mjomba akaiweka simu juu ya meza, taratibu, kama mtu anavyoweka kikombe chenye ufa.

"Ametukata," akasema. "Wazee wanne wamekaa, mtu anatukata kama mbwa anavyofukuzwa jikoni. Jumapili saa sita narudi Chibuto. Kabla sijaondoka, barua yake irudishwe kwa kaka yake."

Kwao barua ikirudishwa, jambo limekufa. Halifufuliwi mwaka ule, na mara nyingi halifufuliwi kabisa. Felismina alijua. Alifungua mdomo aeleze kanuni za kubipu, akaona aibu. Angewaambia nini wazee? Kwamba kukatwa ndiyo mapenzi yao? Maneno yale yaliyokuwa matamu kibandani, pale sebuleni hayakuwa na nguo. Na jambo lililomwuma zaidi hakumwambia mtu: hata angekuwa anakufa, kwa mtindo ule, angekatwa.

Akaingia jikoni, akaandika ujumbe akiwa amesimama:

"Zefa, uliowakata leo ni mjomba wangu na shangazi zangu. Mara nne. Walitaka kupanga nawe siku. Barua yako inarudishwa kabla ya Jumapili saa sita. Usinipigie alfajiri. Okoa na hiyo."

Akatuma, akazima simu, akaitupa kwenye mtungi mtupu wa unga. Kisha akavuta kinu akaanza kutwanga kisamvu, kwa nguvu iliyozidi kisamvu chenyewe.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, nasi tunadhani walisema habari za nyama na samaki. Hapana. Kijana anayesafiri ajue kuokoa, ndiyo, asije akamaliza jasho lake kwenye salamu. Lakini kuna sufuria ambayo ukiibania mafuta inaungua yote, na hata ukisugua kwa mchanga haitakati.

Zefanias alisoma ujumbe ule mara tatu. Mteja akamwuliza kama simu yake imepona, hakumsikia. Alipiga kwa Feli, imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Jioni ile ndiyo ilikuwa saa ya bei kali kuliko zote, na mikono yake, iliyozoea kubana, ilisita mara moja tu. Kisha akafungua begi, akatoa ile barua, akasoma namba iliyoandikwa mwishoni kwa wino wa bluu.

Sebuleni Maputo simu ya mjomba ikalia mfukoni mwa koti.

"Nani?"

"Shikamoo, mjomba. Ni Zefanias Cossa."

Jikoni mchi ukasimama hewani.

"Marahaba," mjomba akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Haya. Umeamkaje?"

Kwa watu wa mkoa wa Gaza, kwao mjomba, jambo haliletwi uchi. Kwanza mgeni husimulia: alivyolala, alivyosafiri, mvua ya alikotoka, wagonjwa, waliofariki, mifugo. Mwenyeji naye husimulia yake, kwa urefu uleule. Hapo ndipo jambo huulizwa. Ana kwa ana inachukua chai nzima. Zefanias alikuwa amesimama ng'ambo ya mpaka, vocha zinaungua kama karatasi.

"Mjomba, nimeamka salama, ila kuhusu lile jambo la—"

"Nimekuuliza umeamkaje. Kwenu hawana usiku?"

Zefanias akakaza simu sikioni. Akaanza. Akaeleza alivyolala. Akaeleza mafua ya mwezi uliopita. Akaeleza msiba wa mtu wa Manjacaze waliyekuwa wakipanga naye chumba, jinsi walivyochanga kumsafirisha. Akafika kwenye mvua. Simu ikakatika.

"Amekata tena!" shangazi mmoja akaruka. "Sasa hii ni dharau ya waziwazi!"

Felismina akatoka jikoni, mikono ya kijani, akasimama mlangoni.

Johannesburg Zefanias alikuwa anakwangua vocha kwa meno, maana sarafu ilimponyoka. Mwenzake akamshikia karatasi, anamsomea tarakimu moja moja. "Saba! Saba, si moja! Wewe, unaoa au unaibiwa?"

Simu ikalia sebuleni.

"Mjomba, samahani sana. Salio liliisha. Nilikuwa nimefika kwenye mvua."

Mjomba Fabião akawatazama shangazi wale watatu. Ndevu zake zilitikisika kidogo.

"Mvua sikuisikia. Na shemeji yangu Hortensia alikuwa chooni, hakusikia hata msiba. Anza mwanzo."

"Mimi chooni?" Hortensia akanong'ona. Mjomba akamtuliza kwa mkono.

Zefanias akaanza mwanzo. Usiku, mafua, msiba, mvua, meza iliyohamishwa, polisi waliomchukulia vifaa na kumrudishia, baridi ya Johannesburg inayoingia hadi kwenye meno, godoro analolalia na bei ya mkate. Alisema mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Felismina mlangoni aliyasikia nusunusu, yakitoka kwenye simu ya mjomba kama redio ya jirani, na kila moja likamchoma. Kumbe alilala na njaa mwezi wa Juni. Kumbe aliibiwa koti.

Kisha mjomba naye akasimulia. Ng'ombe wote kwa majina. Goti lake. Kisima. Vocha ya tatu ikaingia.

"Haya," mjomba akasema mwishoni, "sauti unayo, nimeisikia. Jambo lako usilitamke humo kwenye simu. Mke haombwi kwa waya. Mimi nipo hapa mpaka Jumapili saa sita. Barua bado iko mfukoni kwangu."

"Nitakuja, mjomba. Mjomba... naomba niongee na Felismina."

"Feli! Kijana anakuomba."

"Mwambie napika," Felismina akasema. Akarudi jikoni, akalia juu ya kisamvu.

Jumamosi asubuhi Zefanias aliuza moja ya simu zake kwa mwenzake wa meza ya pili, akapata nauli, akapanda basi.

Jumapili saa nne walisimama kwenye geti la Hortensia, yeye na kaka yake Naftal, wamevaa suti, na dumu la mvinyo na kreti ya soda vikiwa chini kwenye mchanga. Ndani hakuna aliyewafungulia. Ndivyo inavyofanywa, waombaji husimamishwa waone kwamba mtoto ana watu. Lakini siku ile walisimamishwa kuliko kawaida. Jua likapanda. Naftal akafungua kifungo cha shingo.

"Ulikata mara nne," akanong'ona. "Mdogo wangu, mtu anakata mara moja, anajiuliza."

Felismina akatoka nyuma ya nyumba, kwa upande wa geti ambao wazee hawauoni. Alikuwa amefunga kapulana mpya ya rangi ya ndizi mbivu, na macho yamevimba.

"Umekonda," akasema.

"Vocha hizo. Zina njaa kuliko mimi."

Hakucheka. "Ulipokata, ulikuwa unafanya nini?"

Zefanias angeweza kudanganya. "Nilikuwa nacheka."

"Ulicheka?"

"Nilidhani una hamu nami."

"Nilikuwa na hamu nawe, Zefa. Mwaka mzima. Nilikuwa na hamu ya kujua umekula nini. Mjomba amejua koti lako limeibiwa kabla yangu mimi! Godoro lako amelijua mjomba!"

"Nilikuwa nakuwekea akiba, Feli. Ya mahari."

"Na mimi ulikuwa unaniweka wapi?"

Alitazama mikono yake, vidole vyenye makovu ya bisibisi, akakishika chuma cha geti. "Nilikosea," akasema. "Nilijifunza bei ya kila dakika, nikasahau kuna mtu anaisubiri. Ukikataa leo, nitaondoka na kreti yangu, sitamlaumu mtu. Ila hata ukikataa nitakupigia jioni, mchana, saa ya bei mbaya, nikuambie nimekula nini. Mpaka uchoke."

"Nitachoka haraka. Wewe unakula vibaya."

Hapo tabasamu lilitaka kumtoka, akaligeuza kikohozi, akaondoka.

Saa tano na nusu Mjomba Fabião akafungua geti kwa upana wa mtu mmoja. Naftal na Zefanias wakaingizwa uani, wakaachwa wamesimama mbele ya mkeka wa shangazi. Mjomba akatoa ile barua mfukoni, akaishika hewani.

"Desturi yetu mnaijua. Sisi wazee hatuli wala hatunywi cha mtu kabla ya kumwuliza mtoto. Felismina, njoo hapa."

Felismina akaja, akapiga magoti pembeni, macho chini.

"Watu hawa wamesimama uani kwetu. Huyu mrefu ndiye tuliyempigia Ijumaa. Unawajua? Nikiwarudishia barua, watatoka na mvinyo wao na mimi nitapanda basi langu. Sema wewe."

Shangazi Hortensia akaacha kujipepea. Jasho lilimtiririka Zefanias kwenye shavu na hakuthubutu kulifuta. Kuku mmoja wa mjomba alipita katikati yao, akadonoa kizibo cha soda, akaenda zake.

Felismina akainua uso, akamtazama Zefanias kuanzia viatu vyenye vumbi hadi paji la uso, taratibu, kama mtu anayekagua kitambaa kabla ya kulipa.

"Wapeni viti, mjomba," akasema. "Wanatoka mbali."